Thorold Dickinson: Mwongozaji ambaye filamu yake ilitakiwa iteketezwe

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, kampuni kubwa ya filamu ya Marekani, Metro-Goldwyn-Mayer, ilipata haki za kutengeneza filamu kutokana na hadithi moja ya Kiingereza. Hadithi hiyo ilikuwa imekwisha kutengenezwa filamu nchini Uingereza mwaka 1940. Wamarekani walitaka kutengeneza ya kwao, kwa fedha nyingi zaidi na kwa waigizaji maarufu zaidi. Hawakutaka watazamaji wawe na kitu cha kulinganisha. Kampuni hiyo ikataka nakala za filamu ya Waingereza ziharibiwe, pamoja na mkanda mama, ule ambao nakala nyingine zote hutolewa humo.

Mtu aliyeiongoza filamu hiyo aliitwa Thorold Dickinson. Leo ni wachache wanaolijua jina lake, hata huko kwao. Lakini jina la filamu yake, Gaslight, yaani mwanga wa taa ya gesi, limekuwa neno linalotumiwa dunia nzima kueleza aina fulani ya ukatili: kumfanya mtu aamini kwamba akili yake haiko sawa, ili wewe upate unachokitaka. Mwaka 2022 wachapishaji wa kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani walilichagua neno lililotokana na jina hilo kuwa neno la mwaka.

Makala haya yanaeleza maisha ya Dickinson. Ni mtu aliyewahi kuwaweka wachezaji wa Arsenal katika filamu ya mauaji, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifika Tanganyika na kamera zake. Yanaeleza pia ilikuwaje filamu iliyotakiwa ipotee ikabaki hai.

Mtoto wa kasisi

Thorold Dickinson alizaliwa tarehe 16 Novemba 1903 katika mji wa bandari wa Bristol, magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi mwenye cheo cha juu katika Kanisa la Anglikana mjini humo. Kijana alipelekwa shule nzuri, Clifton College, kisha akaingia chuo cha Keble katika Chuo Kikuu cha Oxford. Njia ilikuwa imenyooka mbele yake: asome, ahitimu, apate kazi ya heshima.

Haikuwa hivyo. Akiwa Oxford, moyo wake ulivutwa na michezo ya jukwaani na filamu, na masomo yakabaki nyuma. Aliondoka chuoni bila kumaliza, akaingia kwenye kazi ya filamu chini ya George Pearson, mmoja wa waongozaji wakongwe wa Uingereza wakati huo.

Filamu za siku hizo zilikuwa bubu. Watu walionekana wakisogeza midomo, maneno yakaandikwa kwenye kioo, na mpiga piano akapiga muziki ukumbini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sauti ikaingia, na kazi yote ikabadilika. Mwaka 1929 Dickinson alisafiri hadi Marekani kuona wenzao walivyokuwa wakiitumia teknolojia hiyo mpya. Aliporudi alifanya kazi kwa miaka kadhaa kama mhariri wa filamu, yaani mtu anayekaa mezani akikata vipande vya mkanda na kuviunganisha mpaka viwe hadithi moja. Mojawapo ya filamu alizohariri ni Sing As We Go ya mwaka 1934, iliyomshirikisha Gracie Fields, mwimbaji aliyependwa sana na wafanyakazi wa Uingereza.

Kazi ya uhariri ilimfunza jambo ambalo baadaye lilimsaidia. Mhariri anajua kwamba mtazamaji huamini anachoonyeshwa, na kwamba ukikificha kipande kimoja tu, unaweza kumfanya aamini jambo lisilo la kweli.

Dickinson hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alikuwa kiongozi katika chama cha wafanyakazi wa filamu kwa miaka mingi. Alishiriki pia katika klabu ya watazamaji ya London, iliyoonyesha filamu kutoka nchi nyingine, zikiwemo za Urusi ya Kisovyeti ambazo wakaguzi wa filamu hawakuziruhusu kwenye majumba ya kawaida. Mwaka 1938, Hispania ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikwenda huko na wenzake kupiga filamu fupi upande wa serikali iliyokuwa ikipigana na majeshi ya Jenerali Franco.

Arsenal na mchezaji aliyekufa uwanjani

Mashabiki wa Washika Bunduki watafurahi kusikia kwamba klabu yao ilicheza filamu kabla babu zao wengi hawajazaliwa. Mwaka 1939 Dickinson aliongoza The Arsenal Stadium Mystery, filamu ya mauaji katika uwanja wa Arsenal.

Hadithi ni hii. Arsenal wanacheza na timu ya ridhaa iitwayo Trojans. Katikati ya mchezo, mchezaji mmoja wa Trojans anaanguka uwanjani na kufa. Baadaye inagundulika kwamba ametiliwa sumu. Mpelelezi mwenye vituko, anayebadilisha kofia kila mara, anaitwa kumtafuta muuaji miongoni mwa watu waliomfahamu marehemu.

Wachezaji wa kweli wa Arsenal walionekana katika filamu hiyo, na meneja wao wa kweli, George Allison, alipewa nafasi ya kuzungumza. Picha za mchezo zilipigwa katika uwanja wa zamani wa Highbury mwezi Mei 1939, siku ambayo Arsenal walicheza na Brentford. Kwenye filamu, Brentford ndio Trojans. Miezi michache baadaye vita vilianza, ligi ikasimamishwa, na vijana wengi waliokuwa uwanjani siku hiyo wakavaa sare za jeshi.

Kifo cha Alice Barlow

Mwaka 1938 mwandishi Patrick Hamilton alikuwa ameandika mchezo wa jukwaani ulioitwa Gas Light. Ulipendwa sana mjini London. Dickinson alipewa kazi ya kuugeuza kuwa filamu, na ikatoka mwaka 1940. Wakati huo miji ya Uingereza ilikuwa gizani usiku, kwa kuwa serikali ilikuwa imekataza taa kuonekana nje ili ndege za adui zisipate shabaha. Watu waliopapasa njia gizani hadi kwenye jumba la sinema wakakuta filamu inayohusu mwanga unaofifia.

Filamu inaanza na kifo. Bibi mzee tajiri, Alice Barlow, ananyongwa ndani ya nyumba yake London. Muuaji anachana viti, anapekua makabati, anatafuta kitu na hakipati. Kitu hicho ni yakuti nyekundu, vito vya thamani kubwa. Polisi hawamkamati mtu. Nyumba inabaki tupu miaka mingi.

Kisha wanahamia mume na mke, Paul na Bella Mallen. Mume ni mtu wa adabu, mwenye mavazi safi, anayekwenda kanisani. Mke ni mnyonge, mwenye wasiwasi. Majirani wanaambiwa kwamba hali yake ya akili si nzuri.

Ndani ya nyumba, mtazamaji anaona yanayotendeka. Picha inatoweka ukutani na mume anamwambia mke kwamba yeye ndiye aliyeiondoa na kusahau. Saa ya mume inapotea, kisha inapatikana kwenye mkoba wa mke. Anaaibishwa mbele ya watu katika tamasha la muziki mpaka anatoka akilia. Ndugu yake anapokuja kumjulia hali, mume anamfukuza mlangoni. Mtumishi wa kike, Nancy, anamdharau bibi wa nyumba kwa sababu anaona bwana naye anamdharau. Taratibu Bella anabaki peke yake na mtu mmoja tu wa kumwambia lipi ni kweli na lipi si kweli, na mtu huyo ni adui yake.

Hapa ndipo inapoingia taa ya gesi. Zamani, kabla ya umeme kuenea, nyumba za mijini Uingereza ziliwashwa kwa gesi iliyopita kwenye mabomba ndani ya kuta. Ukiwasha taa moja ya ziada, zile nyingine hupungua mwanga kidogo, kwa sababu gesi imegawanywa. Anayetumia maji ya bomba kijijini anaelewa: jirani wa bondeni akifungua bomba lake, la kwako juu linaanza kudondoka. Mwenye sola ndogo pia anajua taa inavyofifia mtu mwingine anapowasha redio na televisheni kwa pamoja.

Kila usiku mume anatoka, akisema anakwenda zake. Muda mfupi baadaye taa chumbani kwa Bella inafifia, na anasikia vishindo vya miguu juu, kwenye ghorofa zilizofungwa ambako hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia. Kabla mume hajarudi, taa inapata nguvu tena. Bella anaona na anasikia. Lakini ameambiwa mara nyingi mno kwamba anaona na kusikia visivyokuwepo, na sasa anaanza kuogopa macho na masikio yake mwenyewe.

Ukweli ni kwamba mume anazunguka nyuma, anaingia kupitia nyumba ya jirani, na kupanda hadi kwenye ghorofa zile. Anawasha taa huko na kuendelea kutafuta yakuti. Paul Mallen si jina lake. Yeye ni Louis Bauer, mtoto wa ndugu yake Alice Barlow. Alimuua shangazi yake, hakupata vito, na miaka mingi baadaye amerudi na mke ambaye fedha zake zimenunua nyumba ile ile. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Polisi walimtafuta mwizi wa nje, kumbe muuaji alikuwa wa ukoo.

Bella anaokolewa na mzee mmoja aitwaye Rough, mpelelezi mstaafu aliyeifuatilia kesi ya Alice Barlow zamani. Anamwona Mallen mjini na anaikumbuka sura yake. Anakuja nyumbani mume akiwa hayupo, anaketi na Bella, na taa inafifia mbele ya macho ya wote wawili. Kwa mara ya kwanza mtu mwingine anakiri kwamba taa imefifia kweli. Hapo ndipo Bella anapoanza kupona. Hakupewa dawa wala hakupelekwa hospitali. Alichopata ni shahidi wa pili.

Yakuti zilikuwa zimefichwa ndani ya pini ya mapambo ambayo Bella alikuwa nayo. Mwishoni muuaji anafungwa kwenye kiti na kumwomba mke wake amkate kamba. Bella, kisu kikiwa mkononi, anamjibu kwa silaha aliyopewa na mume mwenyewe: vipi mwanamke aliyerukwa na akili ataaminiwa kufanya jambo kama hilo?

Mume aliigizwa na Anton Walbrook, Mwaustria aliyeacha kazi zake Ujerumani ya Wanazi, kwa kuwa mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Mke aliigizwa na Diana Wynyard. Walbrook hapigi kelele mara nyingi. Anazungumza kwa sauti ya upole, na upole huo ndio unaotisha.

Nakala iliyobaki

Filamu ilisifiwa Uingereza. Lakini Wamarekani walipoichukua hadithi hiyo, waliamua kuifuta ya kwanza. Ya kwao ilitoka mwaka 1944, ikiongozwa na George Cukor. Ingrid Bergman aliyeigiza mke alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na msichana wa miaka 18, Angela Lansbury, alianza safari yake ya filamu kwa kuigiza mtumishi.

Hadithi yenyewe ilibadilishwa. Katika filamu ya Marekani marehemu ni shangazi wa mke, na muuaji ni mgeni aliyeoa katika ukoo. Katika ile ya Dickinson muuaji anamwaga damu ya ukoo wake mwenyewe. Wengi waliotazama filamu zote mbili wanasema ile ya Uingereza ni fupi zaidi, ina ukali zaidi na haimhurumii mtazamaji.

Wanawezaje kusema hivyo, ikiwa nakala zilitakiwa ziharibiwe? Inasimuliwa kwamba Dickinson mwenyewe alipata taarifa mapema, na kabla mkanda mama haujachukuliwa alihakikisha nakala moja imetolewa na kuhifadhiwa kwa siri. Kwa miaka mingi filamu hiyo haikuonekana hadharani, na watu waliitaja kama kitu kilichopotea. Baadaye ilitoka mafichoni, ikaanza kuonyeshwa tena, na leo mtu anaweza kuitazama nyumbani kwake.

Fikiria jinsi mambo yalivyofanana. Filamu ilihusu mwanamke anayeambiwa kwamba alichokiona hakikuwepo. Kisha filamu yenyewe ikataka kufanywa kama vile haikuwahi kuwepo. Bella aliokolewa na shahidi wa pili, na filamu iliokolewa na nakala ya pili.

Safari ya Tanganyika

Vita vilipopamba moto, Dickinson alifanya kazi kwa ajili ya jeshi. Mwaka 1942 ilitoka filamu yake The Next of Kin. Ilianza kama somo kwa askari kuhusu hatari ya kuropoka siri, kisha ikaonyeshwa kwa wananchi wote. Jina lake linatokana na maneno ya matangazo ya vifo vya askari, yale yanayosema kwamba ndugu wa karibu wamearifiwa. Filamu inaonyesha jinsi neno dogo lililosemwa ovyo linavyopita mdomo kwa mdomo mpaka linaua vijana waliokuwa mbali.

Mwaka uliofuata, 1943, serikali ya Uingereza ilitaka filamu kuhusu makoloni yake ya Afrika, na Dickinson akasafiri hadi Tanganyika kuiandaa. Alikuwa pamoja na Joyce Cary, mwandishi wa riwaya aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni nchini Nigeria. Safari ilikuwa ngumu. Sehemu ya vifaa vya kupigia picha ilipotea baharini baada ya meli iliyovibeba kuzamishwa na nyambizi. Sehemu kubwa ya filamu ilimaliziwa studioni Uingereza, ambako kijiji cha Kiafrika kilijengwa upya. Ilitoka mwaka 1946 kwa jina Men of Two Worlds, yaani watu wa dunia mbili.

Mhusika mkuu ni Kisenga, mpiga piano na mtunzi wa muziki kutoka Tanganyika aliyeishi London miaka 15. Anarudi nyumbani kusaidia vita dhidi ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao sehemu nyingine huitwa ndorobo. Serikali inataka kijiji kizima kihame kutoka pori lenye mbung'o. Mganga wa kijiji, Magole, anapinga. Anamtabiria Kisenga kifo, na msomi huyu wa London anaanza kuugua kwa hofu mpaka anakaribia kufa. Anarudishwa na sauti za watoto wanaoimba muziki aliotunga mwenyewe.

Ukiiweka filamu hii kando ya Gaslight unaona jambo lile lile: mtu mmoja anaingiza neno katika akili ya mwenzake, na neno linafanya kazi kama sumu. Kisenga aliigizwa na Robert Adams, mzaliwa wa Guyana, na Magole aliigizwa na Orlando Martins kutoka Nigeria. Ilikuwa nadra wakati huo filamu ya Uingereza kumpa mtu mweusi nafasi kuu, tena ya msomi. Muziki uliandikwa na Arthur Bliss, na kipande cha piano kinachopigwa na Kisenga kilipewa jina la Kiswahili: Baraza.

Lakini hapa lazima tuseme pia upande wa pili. Malale ulikuwa ugonjwa wa kweli, na serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kweli katika maeneo ya magharibi mwa Tanganyika. Waliohamishwa waliacha mashamba, mizinga ya nyuki na makaburi ya wazee wao. Katika filamu, anayekataa kuhama anaonekana mshirikina au mwoga, na ofisa wa Kizungu ndiye mwenye akili na subira. Wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa London waliulalamikia mpango wa filamu hiyo kwa Wizara ya Makoloni, wakisema inawadhalilisha Waafrika.

Walikuwa na hoja. Dickinson alijua vizuri kuonyesha jinsi mwenye nguvu anavyomwambia mnyonge kwamba macho yake yanamdanganya. Lakini filamu yake ya Tanganyika ilitengenezwa kwa matakwa ya mwenye nguvu, na wanakijiji hawakupata mtu kama mzee Rough wa kuketi nao na kusema kwamba waliyoyaona ni kweli. Sababu zao za kutotaka kuhama hazikusikilizwa kwa uzito uliostahili.

Kadi, bomu na chuo kikuu

Baada ya vita kazi hazikumjia kwa wingi. Mwaka 1949 aliitwa ghafla, siku chache tu kabla ya upigaji picha kuanza, kuokoa filamu The Queen of Spades, iliyotokana na hadithi ya Mrusi Aleksandr Pushkin. Anton Walbrook alirudi, safari hii akiwa askari maskini anayetaka siri ya kushinda kamari kutoka kwa bibi kizee, na bibi huyo anakufa kwa hofu mbele yake. Kwa mara nyingine mzee anakufa ndani ya nyumba yake kwa sababu ya tamaa ya mtu mwingine. Mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese ni mmoja wa watu maarufu walioisifu sana filamu hiyo.

Mwaka 1952 ilifuata Secret People, kuhusu dada wawili wakimbizi London ambao baba yao ameuawa na dikteta wa nchi yao. Dada mkubwa anaingizwa katika njama ya kulipiza kisasi kwa bomu, na asiye na hatia ndiye anayekufa. Dada mdogo aliigizwa na msichana ambaye bado hakuwa maarufu, Audrey Hepburn. Mwaka uliofuata Hepburn alijulikana duniani kote. Filamu yenyewe haikufanya vizuri sokoni.

Filamu ndefu ya mwisho ya Dickinson ilipigwa Israel na kutoka mwaka 1955. Mwaka 1956 alihamia New York kusimamia kitengo cha filamu cha Umoja wa Mataifa, akakaa huko hadi 1960. Kisha akarudi London na kuanzisha masomo ya filamu katika shule ya sanaa ya Slade, sehemu ya University College London. Wakati huo vyuo vikuu vya Uingereza viliona filamu kama burudani ya kupitisha jioni, si kitu cha kusomea. Mwaka 1967 alipewa cheo cha profesa wa filamu, wa kwanza nchini humo.

Kijana aliyeondoka Oxford bila shahada kwa sababu ya filamu akawa profesa kwa sababu ya filamu. Alistaafu mwaka 1971, akatoa kitabu kuhusu historia ya filamu, na mwaka 1973 akapewa nishani ya heshima ya taifa. Alifariki tarehe 14 Aprili 1984 mjini Oxford, akiwa na umri wa miaka 80.

Kilichobaki

Dickinson aliongoza filamu ndefu chini ya kumi. Wengine wa kizazi chake, kama Alfred Hitchcock, waliongoza zaidi ya hamsini na majina yao yanajulikana kila mahali. Hata hivyo ni kupitia hadithi aliyoiongoza yeye kwanza kwenye filamu ndipo watu walipata jina la jambo ambalo lilikuwepo muda mrefu bila jina.

Wengi wetu tumeliona. Mume anaficha fedha za mauzo ya mazao kisha anamwambia mke kwamba alizitumia mwenyewe akasahau. Mke anakana maneno aliyoyasema jana mpaka mume anajiuliza kama aliota. Ndugu wanataka shamba la mjane, wanaanza kusambaza kwamba kichwa chake hakiko sawa, ili siku akilalamika asiwepo wa kumsikiliza. Mzee anayepoteza kumbukumbu kwa ugonjwa anahitaji kutunzwa na kupelekwa kwa daktari. Lakini anayefanywa aonekane amechanganyikiwa anahitaji kitu kingine kabisa.

Filamu ya mwaka 1940 inaonyesha dalili zake bila kuhubiri. Kwanza mtu anatengwa na ndugu zake. Pili vitu vinapotea na lawama zinamwangukia yeye. Tatu wa nyumbani wanafundishwa kumdharau. Nne anayemtesa ndiye anayejitokeza mbele ya watu kama mvumilivu na mwenye huruma. Na inaonyesha pia njia ya kutokea: mtu mmoja wa nje anayekuja, anayeketi, anayetazama taa ile ile, na kusema kwa sauti kwamba naye ameiona ikififia.